Moto ndani ya Motere

Shoferi anapowasha motokari, moto huwaka ndani ya motere. Moto huo hutoka wapi?

Motere ya esanse ina buji. Batri hutoa volti 12 tu, lakini bobini huziongeza hata kupita 10,000. Ndipo cheche huruka kwenye ncha ya buji, na esanse iliyochanganyika na hewa huwaka.

Motere ya mazutu haihitaji cheche. Mjerumani Rudolf Diesel alitengeneza ya kwanza iliyofaa mjini Augsburg mwaka 1897. Pistoni huibana hewa mpaka ipate joto la digrii zaidi ya 500. Mazutu yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Tia upepo katika mpira wa baisikeli, kisha gusa pompi: ina joto. Ndiyo kazi ileile.

Lakini asubuhi ya baridi, kama mwezi wa Juni huko Lubumbashi, chuma baridi huinyang'anya hewa joto lake. Kwa hiyo motere nyingi za mazutu zina buji za kupasha joto. Shoferi mwenye akili hugeuza ufunguo kidogo, hungoja taa ndogo ya manjano izimike, ndipo awashe. Mwenye pupa huimaliza batri. Na kama amebeba mgonjwa, watakaa njiani wote wawili.

Buji ya esanse ikishika masizi, fundi huifungua motere ikiwa imepoa, huisafisha na kupima nafasi ya ncha zake. Buji ya kupasha joto ikiungua, hubadilishwa. Vichwa vya batri navyo visiachwe na kutu.

Haraka haraka haina baraka.