Unataka kufuga kuku uani? Anza na sita

HUENDA nawe umewahi kuketi usiku na kalamu na karatasi, watoto wakiwa wamelala, ukapiga hesabu hii: vifaranga mia moja, mayai tisini kwa siku, trei tatu kila jioni, na mwenye duka wa mtaani wa kuzinunua zote. Katika karatasi kuku hawafi, hawali sana wala hawanuki.

Hesabu hiyo naijua vyema kwa sababu niliipiga mwenyewe miaka kumi hivi iliyopita, tulipokuwa tumepanga katika ploti moja Kayole. Nilichukua mkopo wa chama chetu cha akina mama, nikanunua vifaranga mia moja wa siku moja na kuwaweka katika kibanda cha mabati kando ya bafu. Juma la tano walianza kuzubaa. Wengine walipinda shingo, wengine wakaharisha kinyesi cha kijani. Katika siku nne nilitoa mizoga sabini na mitatu.

Ulikuwa ugonjwa wa kideri. Chanjo ya kwanza nilikuwa nimewapa, lakini ya pili niliiahirisha nikingoja mshahara. Mkopo wa chama niliulipa kwa miezi kumi na minne, na muda wote huo yai likiletwa mezani, mimi na mume wangu tulikuwa tukinyamaza.

Siyasemi haya kukutisha. Leo nina kuku sita nyuma ya nyumba huko Komarock, na ni nadra sana sisi kununua mayai dukani. Nilichojifunza ni kwamba anayeanza hujiuliza swali lisilofaa. Huuliza, "Pesa zangu zitanunua kuku wangapi?" Yafaa aulize, "Je, ua wangu, chakula nitakachonunua na jirani yangu wataweza kubeba kuku wangapi?"

PIMA UA KWANZA

Mitaa yetu ya Eastlands haifanani. Nyumba za Buruburu, zilizojengwa miaka ya 1970, zilikuja na ua mdogo wa nyuma, ingawa nyingi sasa zimeongezwa vyumba vya kupangisha. Dandora na Kayole ua ni wa ploti nzima: bomba moja, kamba za nguo, watoto wa kila mpangaji. Jericho na Maringo kuna nafasi wazi kati ya nyumba, lakini si yako peke yako. Kama unaishi ghorofani Pipeline au Tassia, tafadhali usifuge kuku barazani. Ngoja siku utakayopata ardhi.

Kwa mwenye ua, kipimo ni rahisi. Ndani ya banda, weka kuku wasiozidi wanne katika kila mita moja mraba. Nje, mahali pa kutembea na kuchakura, mpe kila kuku walau mita moja mraba. Kwa kuku sita basi utahitaji banda la mita moja na nusu mraba, ambalo halizidi kitanda cha futi tatu kwa sita, na uwanja wa mita sita uliozungushiwa wavu wa waya. Funika uwanja huo juu pia, kwa maana mwewe wa Nairobi hawana haya, na paka wa mtaani ni wengi.

Sasa fikiria kuku mia moja. Kila kuku hutoa kinyesi cha gramu 100 hivi kwa siku. Sita watakupa nusu kilo na ushei, nawe utaitia katika gunia la sukuma wiki na kushukuru. Mia moja watakupa kilo kumi kila siku, Jumapili pia. Utazipeleka wapi? Nzi watajua jibu kabla yako.

KILO TANO KWA TREI MOJA

Kuku wa mayai aliyefungiwa hula gramu 120 hivi za chakula kwa siku. Kuku sita kwa wiki watakula kilo tano. Kama ni wa aina nzuri ya kutaga na wana afya, katika kilele chao watakupa mayai 30 au zaidi kwa wiki hiyo, yaani trei moja. Familia ya watu watano, kila mmoja akila yai kila siku ya pili, itatumia mayai kama 18. Yanayobaki utawauzia majirani upate pesa za kununulia chakula.

Hapo una mtihani ambao hauhitaji mtaalamu. Nenda katika duka la agroveti, uulize bei ya kilo tano za chakula cha kuku wa mayai. Kisha uliza bei ya trei moja ya mayai mtaani kwako. Kama chakula ni ghali kuliko trei, kaa na pesa zako. Kama trei inashinda kwa kiasi cha kukuridhisha, endelea. Rudia mtihani huo kila unaponunua gunia, kwa sababu bei za chakula cha mifugo hazitulii.

Kwa nini sita, si watatu? Kuku ni kiumbe wa kundi; akiwa pekee hunyong'onyea. Isitoshe, katika mwaka wa kwanza huenda ukapoteza mmoja au wawili. Ukiwa na watatu, kupoteza wawili ni kufunga banda. Ukiwa na sita, bado una kundi.

NI KUKU YUPI?

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na mapenzi. Utaambiwa, "Fuga kienyeji, hao hujitafutia." Ni kweli kijijini, ambako kuku huamka na kuingia shambani kutafuta mchwa, mbegu na majani. Lakini katika ua wa saruji wa Umoja atajitafutia nini? Ukimfungia itabidi umlishe, na ukimlisha ni lazima uhesabu.

Kienyeji halisi hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kisha hukaa kuatamia. Hata akila gramu 80 tu kwa siku, kila yai lake litakugharimu karibu nusu kilo ya chakula au zaidi. Sifa zake ni nyingine: hulea vifaranga mwenyewe, ni mvumilivu, na nyama yake inapendwa. Wapo kuchi wa Pwani wenye miguu mirefu, na wapo kishingo wasio na manyoya shingoni. Ni kuku wa heshima, lakini wanahitaji nafasi.

Kienyeji walioboreshwa ni wale wa kituo cha utafiti cha Naivasha, chini ya shirika la KALRO ambalo zamani lilijulikana kama KARI. Mtunze vyema na atakupa mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Kwa mayai 180, kila yai ni gramu 240 hivi za chakula. Ganda lake huwa na rangi ambayo wanunuzi wa mayai ya kienyeji hupenda, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya juu kidogo.

Kuroiler asili yake ni India, naye Sasso ni wa Ufaransa. Hawa hukua haraka na kuwa na uzito mkubwa, nao hutaga kiasi. Wanamfaa anayetaka nyama na mayai pamoja. Lakini wana tumbo kubwa, na anayefuga kwa ajili ya mayai pekee ataliona gunia likiisha upesi.

Kuku wa kahawia wa kutaga, kama vile Isa Brown, wanaweza kufikisha mayai 300 kwa mwaka. Kila yai litakugharimu gramu 150 hivi za chakula. Ni wapole na hawachoki haraka na ua mdogo. Kasoro yao ni kwamba hawaatamii, wanataka chakula kamili cha dukani badala ya makombo, na baada ya mwaka na miezi kadhaa wa kutaga, mayai hupungua. Amua mapema kama siku hiyo utawauza au utawala, kabla watoto hawajawapa majina.

Broila simtaji kwa anayeanza. Huyo ni biashara ya wiki tano au sita yenye haraka ya kila siku, wala hatagi kwa ajili ya familia.

Ushauri wangu basi ni huu. Kwa ua mdogo wa Eastlands, na kwa anayetaka mayai, chukua sita wa kahawia. Kama una ploti pana kule Ruai au Utawala yenye nyasi na kivuli, kienyeji walioboreshwa watakufaa. Usichanganye aina wala umri katika banda moja mwanzoni, kwani wakubwa huwachapa wadogo na kuwanyima chakula.

Na usimfungulie kuku akajitafutie kwenye jaa. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora iliyoonyesha madini ya risasi katika udongo, na kwamba karibu nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na risasi ya kupita kiasi katika damu. Kuku anayekula udongo wa namna hiyo anaweza kukurudishia sumu hiyo ndani ya yai.

NUNUA MITETEA

Vifaranga wa siku moja ni rahisi kununua na ghali kulea. Juma la kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na wengi wetu hulitafuta joto hilo kwa jiko la makaa ndani ya chumba. Msomaji, jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua watu, sembuse vifaranga. Usilaze watoto na jiko kwa sababu ya kuku.

Ni afadhali ununue mitetea wa wiki 16 hadi 18, wanaokaribia kutaga. Bei ya mmoja itakushtua, lakini mtu mwingine ameshabeba hasara ya waliokufa njiani. Muulize muuzaji rekodi ya chanjo: kideri, Gumboro, ndui ya kuku. Akianza kukunja uso, ondoka.

Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Tatizo la mwenye kuku sita ni kwamba chupa moja hutosha kuku mia moja au zaidi, nayo ikishafunguliwa na kuchanganywa lazima itumike ndani ya saa chache. Dawa ni ushirikiano. Mtaani kwangu tuko nyumba nne. Tunachagua Jumamosi moja, tunachanga, tunachanja kuku wetu wote asubuhi moja. Kama chanjo ni ya kunywa, usitumie maji ya bomba moja kwa moja kwa sababu klorini huiua. Tumia maji safi ya mvua, au mwombe daktari wa mifugo akuelekeze. Laiti ningelijua hili Kayole!

JIRANI NA SHERIA

Swali ninaloulizwa mara nyingi na akina mama ni kama kuku atataga bila jogoo. Atataga. Mayai hayo hayataanguliwa vifaranga, lakini kikaangioni hayana tofauti. Mwanzoni nilikuwa na jogoo, hadi jirani yangu, mzee aliyestaafu, aliponiita langoni.

"Mama, kuku wako sina neno nao," akasema kwa upole. "Lakini huyo jogoo saa yake ni mbovu."

Alikuwa akiwika saa tisa usiku. Jumapili iliyofuata tulimla, na mzee nikampelekea paja. Tangu hapo yeye ndiye mlinzi wa banda langu nikiwa safarini.

Kuhusu sheria, enzi za Baraza la Jiji aliyefuga mtaani aliishi na wasiwasi wa askari. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipata sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Sheria hiyo inatambua ufugaji mjini, na pia inaweka masharti. Kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, pitia ofisi ya kilimo na mifugo ya kaunti ndogo yako uulize yanayokuhusu. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi.

Kisha ngoja mwaka mmoja. Andika katika daftari kila kilo uliyonunua na kila yai ulilookota. Mwaka ukiisha, daftari hilo ndilo litakaloamua kama uongeze wawe kumi na wawili au ubaki na sita. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Mimi daftari langu limeniambia nibaki na sita. Na mwaka jana, chama chetu kilipouliza ni nani anataka mkopo wa kuku, nilimwambia binti mmoja aliyeinua mkono aje kwanza Jumamosi anione nikifagia banda. Alikuja, akafagia pamoja nami, akauliza maswali mengi. Alichukua mkopo wa mitetea sita, akaulipa kwa wakati.