Zima sauti uone gemu ya soka inavyopooza

JUNI 17, 2020, Ligi Kuu England ilirejea baada ya kusimama miezi mitatu kwa sababu ya corona. Mechi ya kwanza ilikuwa Aston Villa, klabu aliyokuwa anaichezea Mbwana Samatta wakati huo, dhidi ya Sheffield United. Villa Park ilikuwa tupu. Jukwaani hakuna shabiki hata wa dawa. Lakini aliyekuwa akiitazama mechi ile kupitia Sky Sports kule Uingereza alisikia uwanja umefurika: nyimbo za mashabiki, miguno, mpaka ile sauti ya watu kushika vichwa mpira unapopita pembeni ya nguzo.

Kelele zile zilitoka kwenye gemu.

Sky walikuwa wameingia ubia na EA Sports, watengenezaji wa gemu ya FIFA, wakachukua sauti za mashabiki zilizohifadhiwa kwa ajili ya gemu hiyo na kuziweka juu ya picha za uwanja mtupu. Hispania walishatangulia. Juni 11, Sevilla ilipoichapa Real Betis mabao 2-0 kwenye dabi ya jiji lao, La Liga nao walitumia sauti kutoka hazina hiyohiyo ya EA Sports.

Ukitafakari, ni jambo la kuchekesha kidogo. FIFA ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1993, na tangu hapo kazi ya gemu ilikuwa kuiga uwanja. Ilipofika 2020 uwanja ukageuka, ukaanza kuiga gemu.

Wapo waliokasirika. Sky waliacha nafasi ya kuchagua, asiyezitaka kelele za kubandika aliweza kutazama mechi na ukimya wake, akawasikia makocha wakifoka na mabeki wakiitana. Ila waliojaribu pande zote mbili wanajua tofauti. Mechi ya kimya inafanana na mazoezi ya Jumanne asubuhi. Wachezaji ni walewale, kasi ni ileile, lakini mtu unatazama huku mkono uko kwenye simu.

FUNDI ANACHELEWA, GEMU HAICHELEWI

Katika matangazo yale kulikuwa na kasoro moja ambayo sikio zuri liliigundua mapema. Shangwe zilikuwa zinachelewa kidogo. Sababu iko wazi: kelele ziliongozwa na binadamu aliyekaa mbele ya mitambo, anatazama mechi kama wewe, akiona hatari anapandisha sauti, akiona bao analeta shangwe. Hawezi kushangilia kabla hajaona.

Shabiki halisi hafanyi hivyo. Winga akimpita beki wa pembeni, jukwaa linaanza kunyanyuka hata krosi haijapigwa. Kelele zinatangulia tukio.

Gemu inaliweza hilo kwa sababu yenyewe ndiyo inayojua kila kitu. Mpira ukiguswa tu, kompyuta imeshapiga hesabu unaelekea wapi, kipa yuko wapi, straika amebakiza mita ngapi. Kwa hiyo sauti ya jukwaa inapanda taratibu shambulizi linapokolea, kisha inalipuka au inakufa. Anayecheza hata hajui kama anaisikiliza. Anachojua ni kwamba moyo umeanza kwenda mbio.

Ujanja huu si wa leo. Mwaka 1978 Wajapani walitoa Space Invaders, gemu ya kutungua viumbe vinavyoshuka kutoka angani. Muziki wake ulikuwa noti nne tu nzito, zinajirudia. Kadiri viumbe vinavyopungua na kuongeza kasi, noti nazo zinakimbia. Noti nne, basi, na watu walitokwa jasho viganjani.

Kwenye soka sauti ina kazi nyingine zaidi ya kupandisha presha, inatoa habari. Filimbi ya refa inakwambia faulo kabla jicho halijaona nani kaanguka. Ukicheza ugenini, jukwaa likizizima ghafla ujue umewaumiza wenyeji. Wachezaji wazuri wa gemu wanazitumia habari hizi bila kufikiri, kama beki mzoefu anavyosikia hatua za mtu nyuma yake.

Na uwanja wenyewe ulithibitisha mwaka ule kwamba kelele si pambo. Bundesliga iliporejea Mei 16, 2020 bila mashabiki, timu za nyumbani zilianza kushinda kwa nadra kuliko ilivyozoeleka. Nyasi zilikuwa zao, vyumba vyao, mji wao. Kilichokosekana ni watu wa kupiga kelele.

BLUR, K'NAAN NA MENYU

Kuna muziki sasa. Hapa ndipo watu wa rika fulani wanapoanza kutabasamu.

Mwaka 1997 ilitoka FIFA: Road to World Cup 98 ikiwa na wimbo wa Song 2 wa bendi ya Blur ya Uingereza. Ni wimbo wa dakika mbili na sekunde mbili, gitaa linanguruma, jamaa anapiga kelele, umekwisha. Wengi waliocheza gemu ile hawawezi kukutajia jina la bendi wala la mwimbaji, lakini upige leo mahali popote uone vichwa vinavyogeuka. FIFA 99 ikaja na Fatboy Slim, FIFA 2000 ikaja na Robbie Williams. Tangu hapo orodha ya nyimbo za gemu ikawa inasubiriwa karibu kama usajili wa dirisha kubwa.

Ni muziki wa menyu, wa kusikilizwa wakati unapanga kikosi na kubishana na mwenzako nani achukue Barcelona. Ndiyo maana unakaa kichwani: mtu anausikia mara hamsini kwa wiki bila kuutafuta, na kila mara yuko kwenye furaha.

Afrika Mashariki tumo humo, ingawa kwa mlango wa nyuma. FIFA 06 ilikuwa na wimbo Soobax wa K'naan, msanii aliyezaliwa Mogadishu. Video ya wimbo huo ilipigwa Kenya, Mombasa na Eastleigh jijini Nairobi. Kuna watu duniani walikutana na sauti ya Msomali kwa mara ya kwanza wakiwa wanasubiri mechi ya gemu ianze. Miaka michache baadaye K'naan huyohuyo akatikisa dunia na Wavin' Flag, Kombe la Dunia la Afrika Kusini.

MTANGAZAJI NAYE NI MCHEZAJI

John Motson, mtangazaji mkongwe wa BBC aliyefariki Februari 2023, aliingia kwenye gemu hizi kuanzia FIFA 96. Kazi yake haikuwa kutangaza mechi, kwa sababu mechi haipo. Mtangazaji wa gemu anakaa studio na kusoma maelfu ya vipande: majina, matukio, mishangao. Jina moja analitamka kwa upole kwa ajili ya pasi ya katikati ya uwanja, kisha analitamka kwa mdomo wa bao. Kompyuta ndiyo inayounga. Ikiunga vibaya unamsikia mtu amepoa kama maji ya mtungi wakati umefunga dakika ya 90, na raha yote inakufa.

Wapinzani wao Konami, kuanzia PES 2016, walimweka Peter Drury, na kwa mashabiki wengi wa huku hilo pekee lilitosha kununua gemu. Kiarabu nacho kilikuwamo FIFA kwa miaka mingi, ikiwemo sauti ya Mtunisia Issam Chaouali, ambaye hata asiyejua neno moja la Kiarabu anajua akipagawa maana yake nini.

Kiswahili hakimo. Ni lugha yenye siku yake duniani, Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO. Watangazaji wa kuifanya kazi hiyo wapo, na mtu akimpeleka Baraka Mpenja wa Azam TV studio wiki mbili, vipande havitapungua. Kinachokosekana ni kampuni kuamini kwamba soko la kununua lipo. Vijana wanacheza kwa wingi, lakini wengi wanalipia mechi mojamoja kwenye vibanda, na pesa hiyo haionekani kwenye vitabu vya mtengenezaji.

Huko vibandani sauti ya gemu mara nyingi imezimwa kabisa. Spika kubwa iko kwenye Bongo Fleva, na runinga nne zikiongea kwa pamoja hakuna atakayeelewa kitu. Basi atajitokeza mmoja, mara nyingi aliyeishiwa hela ya kucheza, atasimama nyuma ya benchi na kuanza kutangaza mechi ya wenzake kwa Kiswahili, majina, mbwembwe na matusi madogomadogo kwa kipa. Akinyamaza, wenye pedi wenyewe wanamgeukia kumuuliza vipi.