Kuunda Ndege Kubwa ya Mfano kwa Ramani

Ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio huanzia kwenye ramani. Cessna Caravan, ile inayopeleka abiria Zanzibar na Mafia, ina mabawa ya karibu mita 15.9 kutoka ncha hadi ncha. Ikiundwa kwa kipimo cha 1:5, hufikia mita 3.2. Bawa refu hivyo huundwa vipande viwili, vinavyounganishwa kwa bomba la alumini.

Fundi wa Goba, jijini Dar es Salaam, hubandika ramani kwenye ubao ulionyooka kabisa, huifunika kwa nailoni ili gundi isishike karatasi, kisha hupanga mbavu za bawa juu ya mistari. Mbavu hizo ni za balsa, mbao nyepesi inayotoka zaidi Ecuador. Plaiwudi huwekwa penye mzigo, kama kwenye injini na magurudumu.

Kazi nyeti kuliko zote ni mizania. Kitovu cha uzito hukaa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kikipimwa kutoka ukingo wa mbele. Ili kukipima, ndege huegeshwa juu ya vigingi viwili vinavyogusa bawa mahali hapo. Mkia ukizama, betri husogezwa mbele. Ndege yenye mkia mzito haitawaliki hewani, na kazi ya miezi huvunjika kwa sekunde chache. Ndiyo maana mkia hupunguzwa uzito tangu mwanzo: gramu moja nyuma hudai gramu kadhaa puani.

Goba, yenye vilima na nyumba nyingi, haifai kurushia. Unahitajika uwanja mpana, mbali na watu na viwanja vya ndege, kwa kufuata kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.