Mtoto kapauka? Usikimbilie dukani!

Wiki hii tuache kidogo mambo ya disko na mapenzi, tuingie chumbani kwa mzazi.

Dada yangu alijifungua binti mwaka jana. Siku ya arobaini zawadi zilimiminika: losheni ya pinki, poda, sabuni ya harufu ya maua. Mtoto akawa ananukia mtaa mzima! Haikupita hata wiki tatu, miguu ikapauka kama kapita kwenye majivu, mashavu yakawa yanakwaruza. Usiku halali, anajisugua tu kwenye shuka.

Na watu wetu unawajua. Mtoto akipauka anayesemwa ni mama: eti mvivu, eti hampaki mtoto mafuta. Dada kwa aibu akazidisha. Kuogesha mara tatu kwa siku, sabuni mwili mzima, losheni juu ya losheni. Wapi!

Jirani akaleta "dawa", krimu ya tyubu. Siku mbili tu ngozi ikawa laini, tukashangilia. Kuacha, yakarudi maradufu na wekundu juu. Ndipo tukaenda kliniki. Nesi kuiona ile tyubu, akatikisa kichwa. Ilikuwa krimu ya steroidi kali, isiyopakwa bila maelekezo ya daktari. Ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko yetu, inapitisha vitu upesi. Dawa kama ile ikitumiwa ovyo huidhoofisha ngozi, na nyingine huingia mwilini.

Kumbe vipodozi havikupungua, vilizidi! Ngozi ya mtoto hupoteza maji haraka. Sabuni inaondoa mafuta yake ya asili, manukato yanaiwasha. Ile harufu ni ya pua zetu sisi wageni, mwenyewe hana habari nayo.

Basi mama kijana, na wewe baba unayejificha nyuma ya gazeti, shikeni haya.

Kuogesha: mara moja kwa siku inatosha. Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni iwe laini, isiyo na harufu, na iwe kidogo. Dodoki weka mbali. Ukimkausha usimsugue, mguseguse tu na taulo.

Mafuta: mpake hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yabaki ndani. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha kabisa, na bei yake ni poa. Rudia hata mara 2 au 3 kwa siku. Mafuta ya zeituni yaache jikoni, yanaweza kuizidishia shida ngozi kavu.

Dukani: picha ya kichanga kwenye kopo isikuzuzue. Soma nyuma. Ukikuta neno "Parfum" au "Fragrance", rudisha kabatini. Kitu kipya kijaribu kwanza kidogo mkononi mwa mtoto, ungoje siku moja.

Poda: achana nayo. Inakausha ngozi, na vumbi lake mtoto analivuta hadi mapafuni.

Nguo: mpya zifue kabla hajavaa. Za pamba ndiyo mwake, na suuza mpaka povu liishe.

Ngozi ikipasuka, ikitoa majimaji au usaha, mtoto akichemka au akikosa usingizi kwa kujikuna, usingoje ushauri wa jirani. Nenda hospitali. Huenda ni pumu ya ngozi, nayo ina matibabu yake. Daktari akikuandikia krimu, ipake kama alivyosema, usizidishe wala usimgawie shoga yako.

Na wewe unayekwenda kumwona mzazi, badala ya losheni ya pinki peleka kopo la mafuta ya mgando. Wakikucheka, wacheke tu.

Mpwa wangu sasa miguu inang'aa. Hanukii maua tena, ananukia mtoto. Na usiku analala, dada naye analala. Tukutane wiki ijayo!