Damu ya Kikwit iliyorudi Goma

Tarehe 13 Agosti 2019, mama mmoja alitoka katika kituo cha wagonjwa wa Ebola hapa Goma, pamoja na mtoto wake mdogo. Wote wawili walikuwa wamepona. Wiki mbili mbele ya pale, bwana yake alikuwa amekufa na ugonjwa uleule.

Yule baba alikuwa mchimba dhahabu. Alitoka machimbo ya upande wa Mongbwalu, kule Ituri, akafika kwake katikati ya mwezi wa saba. Homa ikamshika nyumbani. Alipofikishwa kituoni, tarehe 30 Julai, mwili ulikuwa umeshachoka sana. Kesho yake akakata roho.

Wengi wetu tunakumbuka woga wa siku zile, ndoo za maji ya klori kila mlango, watu kukataa kupeana mkono. Kitu ambacho tulisikia kidogo ni habari ya dawa. Yule mama na mtoto walipewa dawa mpya ndani ya serumu, na mojawapo ya dawa zilizokuwa zinatumika wakati ule ilitoka ndani ya damu ya Mukongomani.

Turudi nyuma. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, mu Bandundu. Watu 315 waliugua, karibu 250 walikufa. Munganga Jean-Jacques Muyembe, yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 wakati ugonjwa ulikuwa haujapata hata jina, alikuwa pale. Yeye na wenzake walichukua damu ya watu waliopona, wakawatilia wagonjwa 8. Saba wakaishi. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakukubali: wagonjwa ni wachache, walisema, pengine wangepona tu. Muyembe hakuacha lile wazo.

Ndani ya damu ya mtu aliyepona muna askari wadogo. Kiswahili cha vitabu kinawaita kingamwili, kwa Kifaransa ni anticorps. Kila aina ya askari inashika adui mmoja tu, sawa vile ufunguo unafungua kufuli lake peke yake. Taabu ni kwamba mu damu ya mtu muna aina nyingi sana, na wenye kuweza Ebola kweli ni wachache. Wachimbaji wataelewa haraka: mchanga beseni nzima, dhahabu chembe moja.

Mwaka 2006, miaka 11 kisha ugonjwa, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu tena. Watafiti wa Marekani na wa Uswisi, wakishirikiana na INRB ya Kinshasa, waliisafisha ile damu chembe kwa chembe, mpaka wakapata seli inayotengeneza askari mzuri kuliko wote. Wakampa jina mAb114. Kisha wakafundisha seli zingine za maabara kumtengeneza yeye peke yake, kwa wingi. Mgonjwa anatiliwa mara moja tu mu mshipa.

Jaribio lilianza mwezi wa kumi na moja 2018 hapa kwetu Kivu ya Kaskazini: Beni, Butembo, Katwa, Mangina. Dawa nne, wagonjwa 681, vita inaendelea, vituo vinachomwa moto. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Remdesivir, zaidi ya nusu. Na mAb114, 35 kwa mia. Na REGN-EB3, ambayo ni askari watatu pamoja, 33 au 34 kwa mia. Tarehe 12 Agosti 2019 zile mbili za kwanza ziliondolewa, watu wote wakaanza kupewa hizi mbili bora. Siku iliyofuata ndiyo yule mama alitoka.

Lakini tusidanganyane. Wale waliofika wakiwa na virusi vingi sana, hata na dawa hizi, zaidi ya sita kwa kumi walikufa. Wenye virusi vichache, karibu mmoja kwa kumi tu. Na watafiti walihesabu kwamba kila siku mtu anayokaa na ugonjwa mbele ya kufika kituoni inaongeza hatari ya kufa kwa karibu 11 kwa mia. Mu karyeri wanasemaka: «Ni malaria tu, itapita.» Siku tatu, ine, tano zinaisha hivyo.

Na kweli mara mingi ni malaria. Kile kipimo cha kidole kinachofanywa mu vituo vya afya vya machimbo, chenye mistari miwili, nacho kinatumia kingamwili: wamebandikwa kwenye karatasi, wakishika kitu cha mdudu wa malaria, mstari unatokea. Kuna vipimo vya Ebola vya namna ileile, ingawa jibu la kuaminika linatoka kwa mashine inayotafuta jeni za virusi. Mtu anaweza kuwa na malaria na Ebola pamoja. Mstari wa malaria haumaanishi kwamba umetoka katika hatari.

Sasa tuseme ya biashara, juu wasomaji wetu wanajua biashara ya kutoa kitu chini na kukiona kinarudi na bei nyingine. Leo mAb114 inaitwa Ebanga, na haki za kuiuza zilipewa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics. Marekani iliikubali rasmi Desemba 2020. Shirika la Afya Duniani likaishauri pamoja na ile nyingine mwaka 2022. Médecins Sans Frontières wamelalamika waziwazi kwamba akiba karibu yote inalala katika ghala za usalama za Marekani. Sisi tunaona wana haki. Kampuni ilitia pesa, hatukatai, lakini damu ilitoka Kikwit na wagonjwa walitoka Beni na Butembo.

Kufuli lingine linabaki. Ufunguo huu ni wa Ebola aina ya Zaire, ile ya Kikwit na ya Kivu. Isiro, mwaka 2012, ilikuwa aina ya Bundibugyo. Kwa ile, mAb114 haifanyi kazi.