Korongo wa Mwaloni na uji ndani ya mshipa

Alfajiri pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, usafi huanza kabla gari la taka halijafika. Korongo wenye vipara husimama kando ya wapaa samaki. Utumbo wa sangara ukitupwa tu, umeshabebwa. Wangegoma siku mbili, harufu ingepanda mpaka kilima cha Bugando.

Mishipa ya moyo nayo ina korongo wake: makrofaji, seli za kinga zinazoingia ndani ya ukuta wa ateri kuifuata lehemu iliyojipenyeza humo. Zinakula, zinavimba, zinakufa. Kufa si kosa. Jeni zetu zimeipangia seli namna ya kufa kistaarabu: inajikunja, inajikata vipande, na jirani anaimeza upesi. Balaa ni mzoga kubaki. Seli isiyozolewa hupasuka na kumwaga yaliyomo, na ukuta unajaa tope la mafuta. Tope hilo ni kama uji, na neno la Kigiriki la uji limo ndani ya atherosklerosisi, jina la kitabibu la ugonjwa huu. Juu ya uji huo kuna utando mwembamba. Ukichanika, damu inaganda papo hapo na mtu anashika kifua.

Mwaka 2007 watafiti walikuta kwenye kromosomu ya 9 sehemu inayoongeza hatari ya ugonjwa wa moyo bila kupitia lehemu wala presha. Waliopimwa wengi wao walikuwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa Wamarekani weusi alama zilezile hazikufua dafu, kwa hiyo Msukuma asiharakishe kuzilipia kipimo. Ila kazi ya jeni ya jirani, CDKN2B, inafundisha. Kundi la Nicholas Leeper wa Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha mwaka 2014 kwamba jeni hiyo ikilegea, seli inayokufa hukosa kalretikulini, protini inayowaita walaji.

Ipo na inayowafukuza, CD47, nayo hujaa kwenye ateri zilizougua. Mwaka 2016 kundi hilohilo liliizima kwa kingamwili katika panya: mizoga ikazolewa, uvimbe wa mishipa ukapungua. Lakini panya wakapungukiwa damu, kwa kuwa chembe nyekundu nazo hujikinga kwa CD47 hiyohiyo. Korongo walikuwa wamefunguliwa, na hawakuchagua.