Kupanga Masomo ya Historia katika Chuo Kikuu

 

Jioni moja mzee jirani yangu alinijia, akaketi barazani, akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu, naye asema atasoma historia miaka mitatu. Jana nimemsikia akisema ya kuwa bado anachagua masomo. Mimi nilidhani historia ni somo moja tu. Sasa achague nini humo?"

Swali la mzee huyu ni jema, nami nitajaribu kulijibu leo, maana wako vijana wengi waendao chuoni bila kujua jibu lake, wakaja kulijua wakati umekwisha kupita.

Katika shule zetu historia ni kitabu kimoja, na mwalimu hukifuata sura kwa sura hata mwisho. Mwanafunzi hana la kuchagua. Kazi yake ni kusikiliza, kusoma na kukumbuka. Katika Chuo Kikuu sivyo. Huko historia imegawanywa katika masomo mengi madogo: moja lahusu miji ya pwani ya Afrika Mashariki, jingine lahusu biashara ya watumwa, jingine mageuzi ya viwanda Ulaya, jingine utawala wa Wajerumani, jingine namna ya kuwauliza wazee habari za kale na kuzipima. Kila somo lina mwalimu wake, vitabu vyake na mtihani wake. Mengine ni ya lazima, kila mtu huyasoma. Mengine ni ya hiari, na hayo ndiyo kijana huyachagua. Tena yako masomo ambayo huruhusiwi kuyaingia mpaka uwe umekwisha kusoma jingine lililotangulia, kama vile mtu asivyoweza kuezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Muda wa kusoma si mmoja kila mahali. Tanzania, Uganda na Uingereza shahada ya historia huchukua miaka mitatu. Kenya na Marekani huchukua minne. Kazi yenyewe hupimwa kwa kipimo kiitwacho krediti. Hapa Tanzania, kama kule Uingereza, krediti 1 ni kazi ya saa 10, na mwanafunzi hutakiwa apate krediti 120 kila mwaka, yaani saa 1,200. Ukizigawa katika majuma 30 ya kusoma utaona kuwa ni saa 40 kila juma. Katika hizo, saa za kumsikiliza mwalimu ni chache; zilizo nyingi ni za mwanafunzi mwenyewe, akiwa na kitabu mbele yake na kalamu mkononi. Basi kijana anayedhani ya kuwa amemaliza kazi yake kwa kuhudhuria darasani amefanya sehemu ndogo tu.

Sasa niwaeleze kisa cha kijana mmoja niliyepata kumfundisha. Huyu alikuwa mwenyeji wa vilima vya Umatumbi, upande wa kusini wa mto Rufiji. Bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa amepita umri wa miaka themanini. Bibi hakuviona Vita vya Maji Maji, lakini mama yake aliviona akiwa mtoto, akamsimulia mwanawe yote aliyoyakumbuka: jinsi walivyokimbilia msituni, majina ya waliokufa njiani, na mizizi waliyokula wakati wa njaa. Kijana alikwenda chuoni akiwa na nia moja tu, kuandika habari hizo katika insha yake kubwa ya mwaka wa mwisho.

Nia ilikuwa njema, walakini hakuipangia njia. Mwaka wa kwanza alichagua masomo ambayo rafiki zake walichagua, ili wakae pamoja. Mwaka wa pili alichagua yale ambayo saa zake hazikuwa za asubuhi mno, na yale yaliyosifiwa kuwa mitihani yake ni mepesi. Hata alipofika mwaka wa tatu akaanza kuitafuta insha yake, akaona mambo matatu. Kwanza, karatasi za watawala wa wakati ule zimeandikwa kwa Kijerumani, naye hakujua neno. Pili, mwalimu alimwuliza amejifunza wapi namna ya kukusanya masimulizi ya wazee, naye hakuwa amelisoma somo hilo. Tatu, na hili ndilo lililomwumiza, bibi yake alikuwa amekwisha kufariki katika mwaka wa pili. Kijana akabadili shauri, akaandika insha juu ya jambo jingine alilolikuta vitabuni. Akafaulu, akapata shahada. Lakini maneno ya bibi hayakuandikwa na mtu ye yote, wala hayataandikwa tena.

Kosa lake halikuwa uvivu. Alisoma sana. Kosa lake ni kwamba alipanga kuanzia mwanzo, akitazama muhula mmoja mmoja, na hali ilimpasa kupanga kuanzia mwisho. Ndilo neno langu la leo: mwanafunzi wa historia na ajiulize siku ya kwanza, "Mwaka wa mwisho nataka niweze kujibu swali gani?" Kisha arudi nyuma hatua kwa hatua, akitafuta kila kitu ambacho swali hilo litamdai.

Na tuushike mfano wa vita vile vile, tuone. Mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Nandete, huko Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu dawa ya maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti mwaka huo huo; lakini vita vilienea kusini yote, vikaendelea hata mwaka 1907. Je, mwanafunzi akitaka kuviandika vita hivi, ana mashahidi gani?

Shahidi wa kwanza ni karatasi za Wajerumani. Nyingine zimehifadhiwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na nyingine ziko Berlin. Gavana wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya vita hivi, kikapigwa chapa Berlin mwaka 1909. Shahidi huyu ataka lugha ya Kijerumani, tena ataka macho yaliyozoea mwandiko wa zamani, maana herufi zake hazifanani na hizi tunazozijua. Lugha haipatikani kwa muhula mmoja. Asiyeianza mwaka wa kwanza hataweza kuitumia mwaka wa tatu.

Shahidi wa pili ni wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda wilayani kuwauliza wazee habari za vita hivi, na masimulizi waliyoyakusanya yanasomwa na wataalamu hata leo. Wale walikuwa wanafunzi kama hawa wa sasa, wala si mabingwa. Lakini kazi kama hiyo yataka mtu ajifunze kwanza namna ya kuuliza bila kumtia mtu jibu kinywani, namna ya kuandika nani amesema na yeye aliyapata kwa nani, na namna ya kulinganisha maneno ya mzee huyu na ya yule. Somo hilo yafaa lisomwe mwaka wa pili usiishe.

Shahidi wa tatu ni utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, nao ulipigwa chapa katika Afrika Mashariki mwaka 1957. Anayetaka kuutumia yampasa ajue kanuni za tenzi, na ajue kwamba mtungaji ana upande wake kama gavana alivyokuwa na upande wake. Kijana anayesoma historia pamoja na Kiswahili, kama wafanyavyo wengi wanaosomea ualimu, anao ufunguo huu tayari. Kazi yake ni kukumbuka kuutumia.

Labda mtu atasema, "Mashahidi watatu wa nini? Si mmoja atosha?" Tazameni hesabu ya waliokufa. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu wapatao 75,000. Gilbert Gwassa, mtaalamu wa Kitanzania aliyevichunguza sana vita hivi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala. Tofauti hii si ndogo. Mwanafunzi aliyesoma upande mmoja tu ataishika hesabu moja, ataiandika kama kwamba ni kweli isiyo na shaka. Aliyepanga masomo yake vema atauliza: nani alihesabu, lini, mahali gani, na wale waliokufa msituni kwa njaa waliandikwa na nani? Kuuliza hivyo ndiko kusoma historia. Mengine ni kukariri.

Basi, mpango wenyewe uwe namna gani? Nitausema kwa ufupi.

Mwaka wa kwanza ni wa kupanda shamba pana. Kijana asome masomo ya lazima, na katika ya hiari achukue nchi zaidi ya moja na nyakati zaidi ya moja. Lugha aianze mwaka huu. Na asishikilie sana swali alilokuja nalo. Huenda akakutana na jingine lililo bora, na kubadili shauri mwaka wa kwanza si hasara.

Mwaka wa pili ni wa kupalilia. Achague upande wake, na masomo mawili au matatu yaukaribie. Asome somo la namna ya kuchunguza, yaani kuzipima karatasi na masimulizi. Lakini asiache kabisa nchi za mbali. Aliyesoma jinsi wakulima wa India au wa Ulaya walivyotendewa ataona katika habari za kwao mambo ambayo mwenyeji asiyetoka hayaoni. Kabla mwaka huu haujaisha na aende kwa mwalimu amweleze swali lake. Vyuo vingine huifanya insha kubwa kuwa lazima, na vingine huifanya hiari kwa wenye alama za kutosha. Ni heri kulijua hilo mapema.

Mwaka wa tatu ni wa kuvuna. Asijitwike masomo mengi yenye insha ndefu katika muhula mmoja, maana zote hudaiwa karibu siku zile zile. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika nne! Na aandike katika karatasi moja, tangu muhula unapoanza, siku ya kila insha na ya kila mtihani, kisha aibandike ukutani juu ya meza yake.

Yako pia mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni kuchagua somo kwa sababu ya sifa ya mwalimu tu, au kwa sababu ya wepesi wake. Mwalimu mwema ni baraka, lakini somo lisilokupeleka unakokwenda ni kama gari zuri liendalo mji mwingine. La pili ni kutolisoma daftari la chuo lielezalo masharti ya kila somo. Wako waliozuiliwa mlangoni mwa somo walilolitamani kwa sababu hawakulisoma lile la kutangulia, na habari hiyo ilikuwa imeandikwa wazi siku zote.

Sasa namrudia mzee wangu wa barazani, na wazazi wote wanaosikiliza. Huenda mkaona ya kuwa mambo haya ni ya watoto wenu tu, wala ninyi hamna sehemu. Mnayo. Kijana akirudi likizo msimwulize tu kama amefaulu. Mwulizeni, "Mwaka wa mwisho wataka kuandika nini? Na mwaka huu umesoma nini kitakachokufikisha huko?" Mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza hivyo, na swali lake litakuwa na faida kuliko maonyo mengi.

Tena ninyi wenyewe ni vitabu. Ikiwa katika nyumba kuna mzee mwenye kukumbuka, kijana asingoje mwaka wa tatu. Likizo ya kwanza kabisa na aketi naye, aandike anayosema, aandike na tarehe, na jina la yule aliyemsimulia mzee huyo. Akijifunza baadaye namna iliyo bora atarudi kuuliza tena ikiwa mzee yungali hai. Na kama hayupo, daftari litakuwapo.

Yule jirani yangu aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kumbe mwanangu yafaa aanze kwangu." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, na aanze likizo hii." Akaaga, akaenda zake nyumbani kumwita kijana.